Tulienda Nairobi Kusoma Mageuko, Kumbe Hirola Yuko Nyumbani

Nikiwa kidato cha nne, shule ilitupeleka Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kutoka Garissa ni kama kilomita 370. Tulitoka usiku, wengine wakatapika njiani, na tulipofika tukapewa masaa mawili tu. Lakini manze, sijasahau.

Nilisimama mbele ya Kijana wa Turkana, yule aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Mabaki yake yalionwa kwanza na Mkenya, Kamoya Kimeu, huko Nariokotome mwaka 1984. Msee wa darasa letu akaninong'oneza, "Wallahi, hii si haramu kuangalia?" Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Darasani mada ya mageuko tulikuwa tumeipitia haraka haraka: kariri, jibu mtihani, usiulize maswali mengi.

Usidhani hofu hiyo ni ya watu wa huku pekee. Mwaka 2006, makumbusho hayo yakiwa yamefungwa ili yatengenezwe, Askofu Boniface Adoyo na viongozi wengine wa makanisa ya kiinjilisti walipinga jinsi mifupa hiyo ingeonyeshwa. Makumbusho hayakurudi nyuma. Yalifunguliwa tena 2008, na Kijana wa Turkana bado yuko.

Maoni yangu ni haya: sisi wa Kaskazini Mashariki tunafunzwa mageuko kuanzia mahali pagumu zaidi, yaani binadamu, tena mbali na kwetu. Tungeanza na wanyama tunaowajua, hata yule rafiki yangu angeuliza maswali mengine kabisa.

Chukua ngamia. Muulize awoowe yeyote anayefuga jinsi anavyochagua dume la kupanda majike wake. Atakueleza ukoo wa mama yake dume huyo, maziwa aliyokuwa akitoa, na jinsi alivyovumilia kiangazi. Dume dhaifu hapewi nafasi. Baada ya vizazi kadhaa, kundi linabadilika. Charles Darwin alipochapisha kitabu chake kikuu mwaka 1859, sura ya kwanza ilihusu wafugaji na mifugo yao. Alianza na wale wanaochagua kwa macho, kisha akauliza: je, kama mwenye kuchagua ni ukame, magonjwa na simba? Hilo swali mtoto wa mfugaji analielewa kabla hujamaliza kuliuliza.

Sasa mtazame garanuug, swala twiga. Anasimama kwa miguu ya nyuma na kula majani ya juu ambayo mbuzi hafikii. Shingo yake haikurefuka kwa sababu alijinyoosha sana. Wale waliozaliwa na shingo ndefu kidogo walishiba wakati wengine wanalala njaa, wakazaa, na watoto wakarithi. Vizazi vikapita, maelfu kwa maelfu. Na hapa ndipo makumbusho yanashinda kitabu: weka mifupa ya shingo ya twiga mezani, mwambie mwanafunzi ahesabu. Saba. Kisha ahesabu ya mbuzi. Saba. Ya binadamu? Saba pia! Hakuna mtu atakayekariri hapo. Ataanza kuuliza mwenyewe mbona.

Lakini mnyama anayeniuma roho ni hirola. Ni swala wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe kama miwani kati ya macho. Ndiye pekee aliyebaki katika jenasi yake, Beatragus. Visukuku vya jamaa yake mkubwa zaidi vimepatikana Olduvai, Tanzania. Yaani ule ukoo ulikuwa mpana, ukapungua hadi spishi moja, na hiyo moja makao yake ya asili leo ni hapa kwetu, kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia.

Historia yake na makumbusho ilianza vibaya. Mwindaji Mwingereza aitwaye Hunter alimpiga risasi karibu na Tana, na mwaka 1889 Sclater, mwanasayansi wa London, akamwandika kwa jina hunteri. Wafugaji wa huku walimjua kitambo, lakini jina la kisayansi likaenda kwa mwenye bunduki.

Miaka ya 1970 hirola walikuwa zaidi ya 10,000. Ukaja ukame, ugonjwa wa sotoka, ujangili, na nyasi zikapungua. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Mwaka 1996 shirika la serikali la wanyamapori, KWS, lilipokuwa likiwahamishia Tsavo, wakazi wa Garissa walienda mahakamani kupinga, wakisema mnyama huyu ni wa ardhi yao. Mahakama ikasimamisha zoezi hilo. Halafu mwaka 2012 jamii ya Ishaqbini, huko Ijara, pamoja na washirika wao, wakazungushia ua eneo na kuanza kuwalinda hirola 48 ndani yake. Wakazaana vizuri. Hiyo ni historia yetu, na mimi niliisikia baada ya kumaliza shule. Inakuwaje?

Garissa tayari ina makumbusho yake, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hifadhi ya twiga ya Bour-Algi iko karibu tu na mji. Ombi langu ni dogo: meza moja ya mifupa ya mbuzi, ngamia na twiga ambayo wanafunzi wanaruhusiwa kushika, mchoro wa ukoo wa hirola, na mzee mfugaji aalikwe siku ya ziara aeleze anavyochagua dume. Asubuhi makumbusho, alasiri Bour-Algi. Pesa ya basi la Nairobi ingepeleka madarasa kadhaa.

Na kuhusu imani, kila mtu na nyumba yake wazungumze. Najua Waislamu wanaoona mageuko kuwa njia ya Mungu ya kuumba, na wanaokataa, hasa likifika suala la binadamu. Mimi sitaki kumlazimisha mtu. Ila Qurani yenyewe inatualika tumtazame ngamia alivyoumbwa, kwa hivyo kumtazama kwa makini hakuwezi kuwa dhambi.

Hirola akiisha, jenasi nzima imeisha, na tutabaki na fuvu kwenye kabati la kioo. Kama uko shule huku Garissa, Wajir au Mandera, muulize mwalimu wako wa baiolojia wiki hii: ziara yetu ijayo tunaenda wapi?