Taa za Wavuvi wa Rumonge

Neno "mafuta" lina sura mbili katika mji wa Rumonge, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika nchini Burundi. Mafuta ya mawese hukamuliwa papo hapo, kutokana na michikichi iliyotanda kati ya ziwa na milima. Mafuta ya taa na petroli hutoka ng'ambo. Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi mvuvi wa dagaa, kwa ajili ya taa yake tu, alivyoingizwa katika soko la dunia.

Hapo kale mvuvi alikwenda ziwani usiku wa giza, mwenge wa kuni au matete ukiwaka omoni mwa mtumbwi, naye akichota dagaa kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Dagaa hufuata mwangaza. Ndiyo maana mbalamwezi ikichomoza sana kazi husimama. Mwenge huo haukuwa na gharama ila jasho la kuutafuta.

Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki walileta vyombo vya injini, nyavu kubwa za kuzungushia na karabai. Wenyeji nao wakaunganisha mitumbwi, wakatumbukiza wavu wa kuinua chini ya karabai zao. Samaki walipatikana kwa wingi, lakini tangu hapo bei ya mwangaza ilipangwa mbali. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 pipa la mafuta ghafi lilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Mvuvi wa Rumonge hakuulizwa neno, ingawa taa yake iliwaka kwa mafuta hayo hayo.

Tena Burundi haina kiwanda cha kusafisha mafuta, na shehena zake hupitia hasa bandari ya Dar es Salaam. Kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili katika bonde la Rusizi katika miaka ya 1980, isipate mafuta ya kuuza. Julai 1996, baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka, nchi jirani ziliweka vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Na mwaka 2024 uhaba wa petroli ulisababisha foleni ndefu vituoni.

Siku hizi taa za betri, nyingine zikichajiwa kwa jua, zinachukua nafasi ya karabai ziwani. Hapana shaka hiyo ni nafuu, kwani jua halina bandari wala ushuru. Hata hivyo, betri na taa zenyewe hutoka viwanda vya mbali, na injini za mashua zingali zinataka petroli. Kwa hiyo tunaona kwamba utegemezi umepungua bila kwisha. Utapungua zaidi siku ufundi wa kuzitengeneza taa hizo utakapofundishwa Rumonge kwenyewe, kama ufundi wa kukamua mawese.