Plastiki ya wanga: ahadi ya zamani na swali la Kalamba

Wasomaji wangu, leo tuweke kompyuta kando kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini siku hizi nimekuwa nikisoma juu ya plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mimea, ile inayosemekana huoza ikirudi ardhini. Karibu kila mahali inaelezwa kama uvumbuzi wa juzi. Si kweli. Ni historia ya zaidi ya miaka 150, na mwisho wake unatugusa sisi hapa nyumbani, hata watu wa Kalamba, kaunti ya Makueni.

Tuanze na jambo linalosahaulika: plastiki ya kwanza ilitokana na mimea. Mwaka 1862 Mwingereza Alexander Parkes alionyesha London kitu alichokiita Parkesine, kilichotengenezwa kwa selulosi, yaani ile nyuzi iliyomo katika pamba na miti. Miaka michache baadaye John Wesley Hyatt wa Marekani akaiboresha ikawa seluloidi. Polithini ilikuja baadaye sana. Mwezi Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett walikuta masalio meupe kama nta ndani ya chombo chao cha majaribio. Hawakuwa wakiyatafuta. Mwaka 1965 Sten Gustaf Thulin wa Uswidi akapata hataza ya Marekani ya mfuko wa polithini wa kipande kimoja wenye mikono miwili. Huo ndio mfuko tunaoujua sote.

Kwa nini polithini ilishinda? Ni nyepesi, ni bei rahisi, na maji hayaipiti. Molekuli yake ni mnyororo mrefu wa kaboni ambao bakteria na kuvu hawana mkasi wa kuukata. Wanga nao ni mnyororo, lakini wa sukari, na mkasi wake uko kila mahali, hata kwenye mate yako. Ndiyo maana ukitafuna muhogo kwa muda mrefu unaanza kuhisi utamu.

Kutengeneza plastiki ya wanga si uchawi. Ukipika uji, punje za wanga hunywa maji, huvimba na kupasuka. Uji huohuo ukikauka kwenye ukingo wa sufuria unaacha utando mwembamba. Utando huo ni ndugu wa plastiki. Tatizo ni kwamba unavunjika ovyo, kwa hiyo wataalamu huongeza gliserini ili ulainike, kisha hupitisha mchanganyiko kwenye mashine yenye joto na mgandamizo. Lakini ubaya wa wanga haujaisha hapo: unapenda maji mno. Mfuko wa wanga mtupu ukibeba nyama mbichi utakuaibisha njiani. Basi viwanda huuchanganya na plastiki nyingine, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Miaka ya 1970 Gerald Griffin wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, alichanganya wanga mkavu na polithini. Wazo lilikuwa zuri: vijidudu vitakula wanga, mfuko utabaki na matundu na kusambaratika. Kweli, wanga uliliwa, lakini polithini ilibaki, sasa ikiwa vipande vidogo zaidi. Hata hivyo neno "inaoza" lilikuwa tamu sana kwa wafanyabiashara. Mwaka 1990 majimbo kadhaa ya Marekani yaliishtaki kampuni ya Mobil kwa jinsi ilivyoitangaza mifuko yake ya takataka ya Hefty kuwa inaoza, wakati mifuko hiyo iliishia kufukiwa jalalani, mahali ambapo hata magazeti hukaa miaka bila kuoza.

Kwa sisi waandika programu hili si geni. Ukisema programu yako inafanya kazi, nitakuuliza: umeijaribu wapi, na kwa muda gani? Kwenye plastiki jaribio lilichelewa. Nchini Italia kampuni ya Novamont ilikuwa tayari inatengeneza plastiki ya wanga iitwayo Mater-Bi kuanzia miaka ya 1990. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 kilikuja mwaka 2000. Kinataka angalau asilimia 90 ya kaboni ya plastiki hiyo igeuke hewa ya kaboni dayoksaidi ndani ya miezi 6. Lakini soma masharti: hayo ni mazingira ya mboji ya kiwandani, yenye unyevu na joto la karibu nyuzi 58.

Nje ya masharti hayo mambo hubadilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walitangaza mwaka 2019 matokeo ya kuacha mifuko ya aina mbalimbali udongoni, baharini na hewani kwa miaka 3. Mfuko ulioandikwa kuwa unaoza bado uliweza kubeba bidhaa za dukani baada ya kukaa udongoni au baharini miaka yote hiyo. Ule wa mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi 3, lakini udongoni bado ulikuwepo baada ya miezi 27.

Sasa turudi nyumbani. Kenya ilijaribu mwaka 2007 kuzuia mifuko yenye unene wa chini ya mikroni 30 na kutoza ushuru wa asilimia 120. Mwaka 2011 ikapandisha kiwango hadi mikroni 60. Yote mawili hayakufua dafu. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku kamili ilianza, faini ikiwa shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo kisichozidi miaka 4. Pengo likazibwa na mifuko laini inayofanana na kitambaa, na wengi hawakujua kuwa nayo ni polipropilini, yaani plastiki ileile kwa vazi jingine. Mwezi Aprili 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikaagiza taka zinazooza ziwekwe katika mifuko inayooza kabisa, na ikatoa siku 90. Kwa maneno mengine, soko la plastiki ya wanga limefunguliwa kwa amri.

Na hapa ndipo naifikiria Kalamba. Ukambani haukuhitaji kufundishwa kubeba mizigo bila plastiki. Kiondo, au kyondo kwa Kikamba, kilisukwa kwa nyuzi za gome la mbuyu, kisha kwa mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye miche 62 tu ndiyo iliyofika hai Tanga. Baadaye ukaenea hadi Kibwezi, kwenye shamba la Dwa. Kilichoangusha bei yake kuanzia miaka ya 1960 ni kamba za plastiki. Kwa hiyo plastiki haikuchafua mazingira tu. Ilichukua pia riziki ya watu.

Je, plastiki ya wanga inaweza kurudisha riziki hiyo? Malighafi ipo. Kalamba kuna kiwanda cha matunda cha kaunti ya Makueni, kilichoanza mwaka 2017, kinachosindika maembe kuwa rojo. Rojo likitoka, kokwa zinabaki. Ndani ya kokwa mna kiini, na kikikaushwa, sehemu kubwa yake ni wanga. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekwisha kutengeneza utando wa plastiki kutokana nacho.

Nasisitiza kokwa kwa sababu moja. Njia rahisi zaidi kwa kiwanda ni kununua mahindi au muhogo. Lakini Wakamba huzipa njaa zao majina, na ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika: pesa mkononi, chakula cha kununua hakuna. Mahali penye kumbukumbu kama hiyo, kugeuza muhogo kuwa mfuko wa kutumia dakika kumi si maendeleo. Taka za kiwanda ni jambo jingine.

Pili, udongo wa Makueni na ng'ambo ya Athi huko Kitui ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Bila unyevu vijidudu havifanyi kazi, na mfuko utakaa tu kichakani ukingoja mvua, huku mbuzi wakiutafuna. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mzigo wa sokoni tuuachie kiondo. Plastiki ya wanga tuiweke pale inapokutana na maji na udongo kwa kazi yake yenyewe, mfano viriba vya miche ya miembe, ambavyo hunyweshwa kila siku na kisha hupandwa shambani. Joseph Nguthiru, aliyesoma Chuo Kikuu cha Egerton, tayari anatengeneza vifungashio na viriba vinavyooza kwa kutumia magugu maji, kwa hiyo si ndoto.

Na ukiuziwa mfuko ulioandikwa "unaoza", muulize muuzaji swali la mwandika programu: unaoza wapi, na kwa muda gani? Asipokuwa na jibu, umeuziwa tangazo.