Uhuru wa Kusema katika Mafundisho ya Buddha

Katika nchi ya Kajiado, tangu Rongai mpaka Namanga, Wamaasai wana desturi ya kale ya kukata mashauri barazani. Kila rika lina msemaji wake, olaiguenani, naye hupata heshima kwa busara na kwa kusikiliza, si kwa mabavu. Mambo yanayofanana na hayo yalikuwako kaskazini ya India katika zama za Buddha, yapata karne ya 5 kabla ya Kristo.

Vitabu vya kale vya Wabuddha vyasimulia kwamba Wakalama, watu wa mji wa Kesaputta, walimwendea Buddha na mashaka yao. Walimu wengi walipita mjini mwao, na kila mmoja aliyasifu mafundisho yake na kuyabeza ya wenziwe. Je, wamwamini nani? Buddha hakuwakemea. Aliwaonya wasikubali neno kwa sababu tu ni mapokeo, au limo katika maandiko, au limesemwa na mwalimu wanayemheshimu. Na walipime kwa matunda yake: likileta madhara waliache, likileta manufaa walishike.

Shauri hilo halitimiziki pasipo uhuru wa kusema, maana asiyeruhusiwa kuuliza hawezi kupima, huitikia tu. Kwa hiyo katika jamii ya watawa jambo zito lilitangazwa mbele ya wote, pengine mara tatu, ili mwenye kupinga aseme. Kunyamaza kulihesabiwa kuwa ni kukubali.

Lakini uhuru huo una adabu yake. Buddha alifundisha kujiepusha na uongo, fitina, matusi na upuuzi. Naye Mfalme Ashoka, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliagiza ichongwe mwambani nasaha kwamba mtu auzuie ulimi wake, asiitukuze dini yake na kuidunisha ya mwenziwe pasipo sababu.

Wala tusifiche upungufu. Kanuni za kale ziliwakataza watawa wanawake kuwaonya watawa wanaume. Na katika mabaraza ya Wamaasai pia, kwa muda mrefu wanaume ndio walioamua. Basi, msomaji, uonapo baraza limekubaliana, usitosheke kuwasikia waliosema. Uliza pia ni nani aliyenyamaza, na kama alinyamaza kwa kuridhika au kwa kukosa ruhusa.