Fundi Konde Kabla ya Bosco

Historia ya gitaa la Kenya, kila inapoandikwa, huanzia Katanga, kule Kongo. Mwaka 1959 mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco anatua Nairobi kutangaza dawa ya Aspro, mwenzake Edouard Masengo naye yupo, na vijana wa Kenya wanaketi miguuni pao kujifunza. Simulizi hii imerudiwa mno hata hakuna anayeiuliza maswali. Mimi naipinga, na shahidi wangu ni Fundi Konde.

Konde, mtu wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924, aliingia kikosi cha burudani cha KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akawatumbuiza askari huko Asia. Vita vilipokwisha alianza kurekodi. Mwaka 1994 kampuni ya RetroTan ilikusanya santuri zake za zamani katika CD moja, na santuri hizo ni za kuanzia 1947 hadi 1956. Tuipime miaka hiyo. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Bosco kule Jadotville, Katanga, mwaka 1952. Iweje basi mwanafunzi awe kazini miaka mitano kabla mwalimu wake hajasikika kwenye santuri?

Hata mikono yao haifanani. Bosco alipiga gitaa kavu, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikichezea nyuzi za juu, mtu mmoja akitosha kuwa bendi nzima. Konde huhesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme, na rumba yake ni ya ukumbi wa dansi.

Wapo wanaosema kwamba Konde naye aliiga Kuba. Hao nawasikiliza, maana wana ushahidi. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilikuwa ikisambaza barani Afrika santuri za GV, zilizojaa muziki wa Kuba, na sikio makini halikosi kuusikia muziki huo ndani ya rumba ya Konde. Lakini santuri hizohizo ziliwafunza Wakongo pia. Hapo tunakuwa wanafunzi wa darasa moja, wala hakuna aliyemtangulia mwenzake kwa fimbo ya ualimu.

Baadaye Konde alihamia upande wa pili wa kioo cha studio, akawa fundi mitambo akirekodi sauti za wengine, kazi isiyompa mtu jina. Katika miaka ya 1990 bendi ya Them Mushrooms ilimrudisha kwenye maikrofoni kuziimba upya nyimbo zake. Alifariki mwaka 2000.

Turudi sasa kwa wageni wa Katanga: aliyewaleta Bosco na Masengo Nairobi ni Peter Colmore, mtu ambaye mara tu baada ya vita alikuwa na bendi yake ya Waafrika mjini humo, na ndani yake alikuwemo Ally Sykes wa Dar es Salaam, naye askari wa KAR aliyerudi kutoka Burma. Wakongo walipofika, wapigaji walikuwepo, studio zilikuwepo, na wanunuzi wa santuri walishazoea gitaa linaloimba Kiswahili.