Kabla ya Msumari: Kigoda, Kitanda na Historia ya Useremala wa Buha

Kabla ya msumari kufika nyanda za juu za Kigoma, kiti hakikuungwa; kilichongwa. Bamba la kukalia na miguu yake vilitoka kwenye gogo moja, bila gundi wala kiungo, kwa hiyo kiti hakikuwa na mahali pa kulegea. Kigoda cha namna hiyo kikitunzwa vizuri kilimzika aliyekichonga, kikamzika na aliyekikalia, kisha kikarithiwa.

Nalitanguliza hili kwa sababu ukiuliza leo, Munanila au Kasulu mjini, useremala ulitoka wapi, jibu la haraka ni kwamba uliletwa na wamisionari. Msumeno, randa na msumari vililetwa na wageni, ni kweli, na si wamisionari peke yao. Lakini ujuzi wa kuujua mti, kuuchagua, kuukata wakati wake na kuukausha usipasuke ulikuwapo Buha, nchi ya Waha, kabla ya mgeni yeyote. Huo ndio mzizi wa kazi hii, na ndio tunaoupoteza.

Munanila ni kata ya Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Iko kwenye milima ya mpakani. Ng'ambo ni Burundi, na Kiha kinachosemwa huku kinasikilizana na Kirundi bila mkalimani. Ni nchi ya migomba, kahawa na maharage. Ukishuka mashariki, kuelekea Kibondo na mbuga za Moyowosi, unaingia kwenye misitu ya miombo, nchi ya mninga na nyuki. Mafundi wa milimani na miti ya tambarare wamekuwa wakitafutana miaka yote.

Nyumba ya Mha ya zamani ilikuwa msonge, wa duara, umeezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani yake hapakuwa na vyombo vingi vya mti, na vilivyokuwamo vilifuata umbo la nyumba. Kitanda kilikuwa sehemu ya nyumba yenyewe: nguzo zenye panda zilichimbiwa chini, zikalazwa fito, juu yake nyasi na mkeka. Kitanda hicho hakihami. Familia ikihama, inakiacha na kwenda kujenga kingine. Kilichohama ni kigoda, kinu, ngoma, hori la kukamulia ndizi za pombe, na mzinga wa nyuki.

Vyote hivyo vilitoka mkono mmoja. Aliyechimba kinu ndiye aliyejua kuchimba ngoma, na aliyejua unene wa ukuta wa ngoma hakushindwa na kigoda. Hakuitwa seremala, wala hakuwa na karakana. Alikuwa mkulima kama jirani zake, ila watu walijua kwamba ana mkono, wakamfuata na jogoo au mtungi wa pombe. Zana zake zilikuwa shoka, tezo na kisu, na zote zilitoka kwa mhunzi. Ndiyo maana historia ya kigoda haitenganishiki na historia ya chuma: tezo butu haitoi kigoda.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Gogo huchongwa likiwa bichi, maana mti mkavu mgumu huirudisha tezo. Fundi hukata kipande, akakikwepesha moyo wa mti, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Shoka hutoa umbo kubwa. Tezo huchukua zamu, ikipigwa kwa vipigo vifupi kuelekea kwa fundi mwenyewe, kati ya miguu yake, na hapo ndipo makovu ya miguuni hupatikana. Sehemu ngumu ni chini ya bamba, pale miguu inapoanzia. Ukichimba sana bamba linakuwa jembamba na litapasuka. Ukichimba kidogo kigoda kinabaki kizito kama kinu. Miguu hutanuliwa nje kidogo. Ni mitatu, si minne, kwa sababu sakafu ni udongo uliopigwa kwa mkono, na chombo cha miguu mitatu husimama imara popote, palipo sawa na pasipo sawa. Kikishatoka kwenye tezo hakianikwi juani. Huwekwa kivulini, kikauke polepole, maji yatoke bila haraka, kisha hupakwa mafuta. Fundi anayejua hakabidhi kigoda siku alipokimaliza.

Na kiti hakikuwa cha kila mtu. Katika jamii nyingi za ukanda huu wa maziwa makuu, mwenye nyumba alikuwa na kigoda chake ambacho mtoto hakikalii, na mgeni akipewa kigoda alijua amepewa heshima. Ngazi ya juu ya heshima hiyo ilikuwa kwa mwami. Buha ilikuwa na tawala kadhaa, zikiwamo Heru katika Kasulu ya leo, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo na Kakonko, na kote huko kurithi utawala kulisemwa kwa lugha ya kuketi. Katika enzi ya Waingereza aliyeketi Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, mmoja wa watawala wa jadi waliojulikana sana Tanganyika. Mwaka 1963 serikali ya uhuru ilifuta uchifu kwa sheria, na viti vya watawala vikabaki kuwa vyombo vya nyumbani.

Kiti cha mtawala kinachofahamika zaidi kutoka magharibi ya Tanzania ni cha majirani zetu Wanyamwezi. Kimechongwa kwa mti mmoja, miguu mitatu, na nyuma yake limeinuka egemeo refu lenye mfano wa mtu. Kilitoka kwa mtawala wa Buruku, kikachukuliwa mwaka 1898 na afisa wa Kijerumani aitwaye Glauning, na sasa ni mali ya Jumba la Makumbusho ya Ethnolojia la Berlin. Kingine cha jamii hiyo kipo Metropolitan Museum, New York. Wapo wataalamu wanaoona kwamba egemeo lile refu ni jibu la wachongaji wa bara kwa viti vya enzi walivyoviona kwa watu wa pwani kwenye njia ya misafara. Nami naliona jambo hilo lina mantiki. Kiti cha enzi cha Lamu na Unguja kimeungwa kwa vipande, kikatiwa njumu za pembe au mfupa na kusukwa kamba mahali pa kukalia. Mchongaji wa Unyamwezi hakuiga uungaji; alichukua umbo, akalitoa kwenye gogo moja kwa tezo yake. Aliazima heshima ya kile kiti, ufundi akabaki na wake.

Njia ile ya misafara ilipita Tabora na kuishia Ujiji, chini ya milima yetu. Wengi huikumbuka Ujiji kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871. Kwa fundi, habari kubwa ni ya miaka 13 nyuma. Wasafiri Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 walihangaika kukodi jahazi la Mwarabu mmoja, Hamid bin Sulayyam, lililokuwa ng'ambo ya ziwa, na Speke alivuka kulifuata akarudi mikono mitupu. Jahazi halichongwi kwa gogo moja kama mtumbwi. Ni mbao zilizopasuliwa kwa msumeno, zikakunjwa, zikaungwa. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1850 mbao za kuungwa zilikuwa zimeshafika kwenye maji ya Tanganyika, na zilifika kwa mikono ya mafundi wa pwani, waliokuwa Waislamu na Waswahili, miaka 20 hivi kabla ya mmisionari wa kwanza. Neno lenyewe seremala lilikuja na pwani. Mchango huu husahaulika tunaposimulia historia ya kazi za mikono Kigoma, na si haki kuusahau.

Wamisionari wa Afrika, waitwao White Fathers, walifika Ujiji Januari 1879. Walichoongeza wao ni mafunzo ya utaratibu. Kwenye misheni zao kandokando ya ziwa, Karema ikiwa mojawapo, waliokuwa na kazi ya ujenzi ni mabruda, na vijana waliowasaidia kujenga makanisa walijifunza kupima kwa futi, kupiga randa, na kuchonga ulimi wa ubao ukaingia kwenye tundu la ubao mwingine mpaka ukakaza bila msumari. Kisha, Februari 1914, reli ya kati ikafika Kigoma. Mzigo uliokuwa ukija kichwani mwa mpagazi kwa miezi sasa ulikuja kwa siku chache, na misumari, misumeno, bawaba na komeo vikaanza kuuzwa madukani.

Hata hivyo zana mpya hazikutosha kubadili samani za milimani. Kilichozibadili ni nyumba. Msonge hauna pembe, na kabati halina pa kuegemea kwenye ukuta wa duara. Nyumba za pembe nne zilikuja kidogo kidogo, kupitia misheni, boma, na vijana waliokwenda manamba. Mikoa ya magharibi, Kigoma ikiwamo, ilikuwa ghala la vibarua wa mkonge; tangu miaka ya 1940 shirika la waajiri lililoitwa SILABU liliwasafirisha Waha kwa maelfu kwenda Tanga na Morogoro. Waliorudi walikuwa wameishi kwenye kambi za pembe nne na kununua kwa mshahara, na walirudi na mahitaji mapya. Halafu mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu walihamishwa kutoka maboma yaliyotawanyika wakapangwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba kwa mstari. Ndani ya miaka michache kitanda cha kuchimbiwa ardhini kilikosa mahali, kitanda cha mbao kikachukua nafasi. Elimu ya msingi kwa wote nayo, kuelekea mwaka 1977, ikataka madarasa na madawati kila kijiji. Nadhani dawati la shule limewafundisha mafundi wengi wa Kasulu kuliko kozi yoyote: ni samani ya kwanza waliyotengeneza nyingi, kwa kipimo kimoja, kwa haraka.

Kutoka hapo soko halijatulia. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1993 na wa 2015, na Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, waliongeza watu, wateja, mafundi, na pia matumizi ya miti. Mitindo ikachanganyika. Mahitaji ya mbao yakapanda na msitu ukarudi nyuma.

Mninga ndio mti ambao fundi wa Kigoma anaupenda kuliko wote. Hausinyai sana ukikauka, unakubali randa, na ukikatwa hutoa utomvu mwekundu unaofanana na damu. Lakini hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa mbao, na haupandwi shambani kwa urahisi. Ndugu yake mkurungu aliwindwa zaidi katika miaka ya karibuni, magogo yakasafirishwa kwenda Asia, hadi mkataba wa kimataifa wa CITES ukamwekea udhibiti wa biashara mwaka 2019. Mwaka 2022 nchi wanachama ziliongeza miti yote ya Afrika ya jamii hiyo, mninga ukiwamo. Huku nyumbani uvunaji unahitaji kibali, na bei imepanda kiasi kwamba fundi wa kijijini mara nyingi anapata mkaratusi tu.

Sina ugomvi na mkaratusi. Ni mti wa kupandwa, hukua haraka na huokoa msitu. Tatizo ni kwamba mkaratusi ni mti wa kujipinda na kupasuka, unaohitaji kukaushwa kwa uangalifu kuliko mninga, nasi tunaukausha kidogo kuliko wote. Ubao unapasuliwa, unapigwa randa, na baada ya muda mfupi umekuwa kitanda kilichopakwa vanishi kando ya barabara. Unyevu bado umo. Kiangazi kikifika, ulimi unasinyaa ndani ya tundu, kitanda kinaanza kulia usiku, mwenye nyumba anaongeza msumari, na msumari unapasua ubao. Mchonga vigoda wa zamani, asiyejua kusoma futi, asingekubali kutoa kazi mbichi. Alijua kungoja ni sehemu ya kazi. Fundi wa leo anajua vilevile, lakini ana kodi ya kibanda na mteja anayetaka kitanda Jumamosi, kwa hiyo lawama haziwezi kuwa zake peke yake.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa mnunuzi: kabla ya kuuliza bei, uliza ubao umekaa kivulini muda gani, na ukubali kulipia muda huo. La pili ni kwa familia za Munanila, Heru Juu, Kibondo na kwingineko Buha zenye kigoda cha babu kilichosukumwa jikoni. Msikitie motoni wala msimuuzie mpita njia. Kipigeni picha, mwandike ni cha nani, ni cha mti gani na nani alikichonga, kisha mkipeleke hata kwa siku moja kwenye shule ya kata au chuo cha ufundi kilicho karibu, wanafunzi wa useremala wakigeuze chini juu na kuona alama za tezo. Kiti cha Buruku wataweza kukiona kwa kwenda Ujerumani tu. Vigoda vya Buha, vile vilivyosalia, bado viko majumbani mwetu.