Mama Pima, Kiberiti na Hesabu za Guinness: Historia Fupi ya Kuonja Kikali

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze juu ya pombe. Msikimbie, hesabu zipo pia, tena zile tunazozitumia kila siku katika kazi yetu ya kuandika programu.

Nilikulia Manyatta hapa Kisumu, upande ule wa kuelekea Kondele. Nyanya yangu (sisi tulimwita Dani) alikuwa akipika busaa, na nyakati ngumu, karo ya shule ikikaribia, alipika chang'aa pia. Mkenya yeyote anajua muuzaji wa chang'aa anaitwaje: mama pima. Jina hilo limetokana na kipimo, ile glasi au kikopo cha kumimia mteja. Lakini mimi nikikumbuka naona kwamba Dani alikuwa anapima kitu zaidi ya ujazo. Alikuwa anapima ubora. Swali langu la leo ni hili: alikuwa anapima nini hasa, na kipimo chake kilikuwa sahihi kiasi gani?

Tuanze na busaa

Busaa ni pombe ya nafaka. Unga wa mahindi unalowekwa siku kadhaa mpaka uchachuke, halafu unakaangwa juu ya bati kubwa mpaka uwe na rangi ya kahawia. Kando yake kuna wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa. Wimbi hilo ndilo lenye vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na hamira inayokuja nalo inageuza sukari kuwa pombe. Ukichanganya vyote na maji, siku mbili au tatu baadaye unasikia mtungi unaongea wenyewe. Wazee wa Kijaluo walikaa kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao oseke.

Busaa si kali, nguvu yake inakaribiana na bia nyepesi. Kuipima ni kazi ya pua na ulimi: uchachu umefika au umepita? Unga umeungua? Na kulikuwa na kipimo kingine ambacho hakuna aliyekiita kipimo. Mwenye pombe alionja kwanza, mbele ya wageni. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Chang'aa inaingia

Chang'aa ni jambo jingine. Unachukua kitu kilichochacha (mara nyingi mahindi na sukari guru, na huku kwetu karibu na mashamba ya miwa ya Miwani, Chemelil na Muhoroni sukari guru haijawahi kuwa adimu), unakichemsha, unaukamata mvuke na kuupoza uwe maji tena. Nairobi watu waliiita jini ya Wanubi, kwa sababu ufundi huu unahusishwa na askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, ambao wazao wao wako Kibera mpaka leo. Uganda ndugu yake anaitwa waragi.

Ukali wake ni wa kubahatisha. Chungu kimoja kinaweza kutoa kinywaji cha asilimia 20 ya pombe, kingine zaidi ya 40. Kwa hiyo Dani alikuwa na vipimo vyake:

1. Kutikisa chupa na kutazama povu. Mapovu makubwa yanayopasuka haraka ni dalili ya ukali. Madogo yanayoganda juu ni dalili ya maji.

2. Kumimina kijiko kimoja na kukiwasha kwa kiberiti. Moto wa buluu ukishika, mzigo uko sawa. Usiposhika, unarudi chunguni.

Msidhani hayo ni mambo ya kijijini tu. Waingereza nao walipima hivyo hivyo, isipokuwa wao walitumia baruti! Zamani walilowesha baruti kwa pombe kali na kuiwasha. Ikilipuka, pombe imefaulu na kodi yake inapanda. Mwaka 1816 sheria yao ilikubali chombo rasmi, haidromita ya Sikes, kinachoelea ndani ya pombe na kuonyesha uzito wake ukilinganisha na maji. Kilikuja na majedwali ya kurekebisha joto, kwa sababu joto linabadilisha majibu. Hata kiberiti cha Dani kilikuwa na tatizo hilo. Pombe ya asilimia 40 huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto kwenye nyuzi 26 hivi. Hiyo ni asubuhi ya kawaida tu Kisumu. Saa saba mchana, kijiko hicho hicho kingemfanya mpishi aonekane hodari kuliko alivyo.

Sheria nazo

Serikali ya kikoloni haikuchukia pombe. Ilichukia pombe isiyoweza kuitoza kodi, na Mwafrika aliyelewa bila ruhusa. Mkataba wa Brussels wa 1890 na ule wa Saint-Germain wa 1919 iliwazuia Waafrika wa sehemu kubwa ya bara kupata pombe kali. Kenya Breweries ilianzishwa 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, akauawa na ndovu. Inasemekana ndipo jina la Tusker lilipotoka. Lakini kwa miaka mingi bia hiyo ya chupa haikuwa ya Mwafrika kuinunua kwa uhuru.

Baada ya uhuru nchi mbili jirani zilichukua njia mbili. Uganda, kwa sheria ya Enguli ya 1965, iliwataka wapishi wapate leseni na kuuza kwa kiwanda, ambako pombe yao ilisafishwa upya na kutiwa chupani kwa jina la Uganda Waragi. Wapishi wengi walibaki nje ya mpango huo, lakini angalau mlango ulikuwepo. Kenya, mwaka 1980, ilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa moja kwa moja. Kichekesho ni kwamba tarehe 1 Januari ya mwaka huo huo Uingereza iliachana na vipimo vya Sikes na kuanza kutumia asilimia ya kawaida. Wao walikuwa wanaboresha kipimo, sisi tukakificha kichakani pamoja na mpimaji.

Kipimo kinachofaulu siku zote

Sasa tufike penye uchungu. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 130 walikufa na wengine wengi wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyoitwa kumi kumi. Mwaka 2014 maafa yakarudi katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 yakatokea tena Kirinyaga. Muuaji anayetajwa katika maafa ya aina hii ni methanoli.

Methanoli ni binamu wa ethanoli, ile pombe tunayokunywa. Ini linaigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa macho. Ndiyo maana mtu anaamka anauliza, mbona taa zimezimwa? Wengi wanaamini inatokana na mpishi mzembe. Ukweli ni kwamba mahindi na sukari guru vikichacha hutoa methanoli kidogo sana. Kiasi cha kuua kijiji kizima mara nyingi kinatoka kwenye pipa: pombe ya viwandani iliyokusudiwa kutengeneza rangi au kusafishia vyombo, ikaongezwa ili kinywaji kiwe kikali kwa bei rahisi.

Haya, tuvijaribu vipimo vyetu. Kiberiti? Methanoli inawaka, na moto wake ni wa buluu pia. Povu? Inapita. Haidromita ya Sikes basi, ya Mwingereza mwenyewe? Uzito wa ethanoli ni gramu 0.789 kwa mililita, wa methanoli 0.792. Chombo hakioni tofauti! Ulimi nao hautakuokoa, ladha zinakaribiana mno.

Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo hili. Unaandika jaribio, linafaulu, taa ya kijani inawaka, unakwenda kulala. Kumbe jaribio lako linauliza swali jingine kabisa. Kiberiti kiliulizwa "ni kali?" nacho kikajibu kwa uaminifu. Hakuna aliyekiuliza "ni salama?"

Wahasibu wa bia

Kuna watu waliolishughulikia swali la kuonja na kupima kwa uzito wote, nao walikuwa wapishi wa bia. Mwaka 1899 kiwanda cha Guinness mjini Dublin kilimwajiri kijana wa hesabu na kemia, William Sealy Gosset. Tatizo lake lilikuwa dogo: sampuli ni chache, shayiri inabadilika, utajuaje kwamba tofauti unayoiona si bahati tu? Mwaka 1908 alichapisha jibu kwa jina la kificho, Student, kwa sababu kiwanda hakikutaka wafanyakazi watoe siri. Ndiyo t-test mnayoiita kwa mstari mmoja wa msimbo leo.

Miaka ya 1940, wataalamu wa kiwanda cha Carlsberg huko Denmark wakaja na jaribio la pembetatu. Mwonjaji anapewa glasi tatu, mbili zina bia moja na ya tatu tofauti, naye ataje ile tofauti. Anayebahatisha atapatia mara moja kati ya tatu. Nilipiga hesabu: akirudia mara 10, uwezekano wa kupatia 7 au zaidi kwa bahati tu ni kama asilimia 2. Niliwajaribu rafiki zangu watatu wanaojisifu kwamba wanaijua bia yao hata gizani. Hakuna aliyefika 7, na mmoja bado ananikasirikia.

Lakini hata Gosset na pembetatu ya Carlsberg hawaoni methanoli. Wanapima kama ulimi unaona tofauti. Sumu hii inahitaji kipimo cha maabara, kama mashine ya kromatografia ya gesi, na mama pima hana.

Kilichopotea

Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo, ile ya mbunge John Mututho, ilifuta marufuku ya 1980. Chang'aa ikaruhusiwa kwa mwenye leseni, kwenye chupa ya glasi, kwa viwango vilivyopimwa. Kabla ya hapo, 2004, Kenya Breweries ilikuwa imeleta Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyopunguziwa ushuru ili iwatoe watu kwenye pombe haramu. Mwaka 2013 ushuru ukapandishwa na mauzo yakaporomoka. Kampuni ikatangaza 2017 kujenga upya kiwanda Kisumu kwa shilingi bilioni 15, kutengeneza Keg kwa mtama wa wakulima. (Diageo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na hisa nyingi za kampuni mama, ndiyo hiyo hiyo iliyozaliwa na Guinness ya Gosset. Dunia ni duara.) Lakini leseni, chupa na maabara vilikuwa vitu vya mwenye mtaji. Mpishi wa Manyatta mwenye vyungu viwili alibaki pale pale alipokuwa.

Hapo ndipo narudi kwa Dani na kuonja kwanza. Kipimo chake halisi hakikuwa kiberiti. Kilikuwa kwamba wateja walimjua, walijua chungu chake, walimwona akinywa, na wangejua nyumba ya kumtafuta. Marufuku ya 1980 haikuondoa pombe, iliondoa huo ushahidi. Pombe ilianza kusafiri usiku kwa mitungi ya plastiki, kutoka kwa mtu asiyejulikana kwenda kwa mtu asiyejulikana, na mama pima wa mwisho akabaki na kiberiti tu. Akakiwasha, kikawaka buluu, akawauzia majirani zake.

Kwa hiyo nikisikia kiongozi akisema dawa ni msako mwingine, namuuliza swali la mwanaprogramu: msako unapima nini? Unahesabu mitungi iliyomwagwa. Hauhesabu macho yaliyopona. Ningependa kuona maabara moja ya kaunti ambako mama anaweza kupeleka chupa ndogo bila kukamatwa, apewe jibu siku hiyo hiyo.

Dani aliacha kupika chang'aa mwaka ule wa kumi kumi. Hakuna aliyemkataza. Alisema tu kwamba moto umeanza kudanganya.

Haya, tukutane tena wiki ijayo, tutarudi kwenye hifadhidata.