Pangaboi na gurudumu la pampu

Neno pangaboi, linaloelekea kutokana na panka, yaani kipepeo kikubwa kilichoning'inizwa darini huko India, na boi aliyekivuta kwa kamba, limebeba katika Kiswahili maana mbili: feni inayosukuma hewa na rafadha inayosukuma chombo majini. Huko Isangi, mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, mashine inayofungwa nyuma ya mtumbwi hudai neno jingine. Nje huzunguka rafadha. Ndani ya pampu yake huzunguka gurudumu dogo la mpira, ambalo mapezi yake hupinda yanapobanwa na ukuta wa pampu na kujinyoosha tena, yakivuta maji ya mto ili kuipoza injini. Mchanga huyala mapezi hayo polepole, lakini kuiwasha mashine nchi kavu huyaunguza upesi, kwa kuwa maji yanayopoza injini ndiyo pia yanayoulainisha mpira. Kuliita gurudumu hili pangaboi ni kulionea, maana pangaboi hufanya kazi mahali pa wazi, ilhali hili haliwezi kuvuta hata tone bila ukuta unaolibana; gurudumu la pampu ni jina la haki zaidi, nalo linastahili kuingizwa katika kamusi.